Siku Kumi za Nyusi za Maman Euphrasie

Kwenye karatasi za serikali aliitwa citoyenne, yaani mwananchi, Nabintu, maana miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Lakini pale Muhumba, mtaa wa Bukavu, hakuna aliyemwita hivyo, labda karani wa vitambulisho. Kwa watu wote alikuwa Maman Euphrasie, mke wa chef de bureau, mkuu wa ofisi, na hilo neno "mke wa" alilishika kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka daraja la miti wakati wa mvua.

Mumewe, Papa Marcellin, alikuwa na abacost saba, zile suti za serikali zisizo na tai, na maneno machache. Asubuhi moja ya Oktoba, akijifunga vifungo mbele ya kioo cha kabati, alitangaza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kwamba mwaka mpya ukianza anahamishiwa Kinshasa. La pili, kwamba wanawake wa Kinshasa wana sura iliyopangwa.

"Ya kupangwa namna gani?" Euphrasie aliuliza.

"Ya kupangwa tu. Wewe, sura yako haina mupango."

Aka! Miaka kumi na saba ya ndoa, watoto watano, sombe na dagaa wa sambaza mezani bila kukosa, abacost saba zikipigwa pasi kila wiki, na leo sura haina mpango. Euphrasie alibaki na pasi mkononi mpaka akaunguza kola.

Alijua vizuri mpango ni nini. Mpango ulikuwa unakaa Kadutu na uliitwa Martine. Alikuwa dactylo katika ofisi ya Marcellin, akipiga mashine kwa vidole viwili, na mji mzima ulijua kwamba yeye ndiye deuxième bureau, yaani yule mwanamke ambaye mume humwendea huku akiaga nyumbani kwamba anaenda kazini. Martine alinyoa nyusi zake zote, kisha kila asubuhi alizichora upya kwa kalamu ya rangi, mistari miwili myembamba iliyopinda. Euphrasie aliitazama mistari hiyo kanisani Jumapili tatu mfululizo, padri akihubiri bure. Akaamua kwamba siri yote iko pale, juu ya macho.

Na tarehe ilikuwa imewekwa. Tarehe 24 Novemba, sikukuu ya serikali, baada ya maandamano kungekuwa na mapokezi alasiri. Wakubwa wanaohamia Kinshasa wangekaa mstari wa mbele, kila mmoja na kiti cha pili kando yake, na Bukavu nzima ingeangalia ni nani kakalia kiti cha pili. Mwaka uliotangulia mkubwa mmoja alikuja na deuxième bureau wake, akamkalisha pale bila aibu, na mwezi wa kwanza ndiye aliyepanda naye ndege. Mke wa ndoa alibaki Bagira na watoto sita na firigo isiyogandisha. Euphrasie alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu abatizwe.

Kinga yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kijijini Walungu, katika nyumba yenye migomba pande zote. Ni mama mkwe wake, M'Bahizi, bibi kizee mfupi mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe. Miaka kumi na miwili nyuma, baba mkwe alipozikwa, Euphrasie alikuwa bado anaonekana mgeni, msichana wa mjini aliyesomea kwa masista. Katika ukoo ule, wanawake wakitoka kaburini shangazi wa nyumba huweka beseni la maji ya kijito katikati ya ua. Wake wa nyumba huja mmoja mmoja, huinama, hunawa uso wote mara tatu, na maji yale yenye machozi ya wote humwagwa kwenye shina la mgomba. Asiyenawa alikuja kama mpita njia. Siku ile Euphrasie alisitasita, maji yalikuwa na majani na mdudu mmoja, ndipo M'Bahizi alipomshika kisogo, akamtumbukiza uso mzima. Alipoinuka akitweta, mama mkwe alimwambia, "Sasa uko mutoto wa hapa." Tangu hapo bibi kizee alikuwa akisema mbele ya kila mtu, na mbele ya Marcellin zaidi, kwamba mke wa mtoto wake ni huyu mmoja, na mwingine asikanyage uani kwake yeye akiwa hai.

Lakini M'Bahizi hangekuja kwenye mapokezi kumshika Marcellin sikio. Basi Euphrasie akamtafuta Bibiane.

Bibiane alikuwa na chumba Nyawera nyuma ya duka la nguo, na alisema amejifunza kazi Bujumbura. Kazi yenyewe ilikuwa sindano tatu zilizofungwa kwa uzi kwenye kijiti, chupa ya wino mweusi, na domo. Domo ndilo lililokuwa na ukali kuliko sindano. Alimlaza Euphrasie kwenye mkeka tarehe kumi na tano asubuhi, akamnyoa nyusi alizopewa na Mungu, akachora, akaanza kuchoma. Saa mbili nzima! Euphrasie alikuwa amezaa watoto watano bila kupiga kelele, lakini pale aliuma pagne, kitenge alichojifunga, mpaka ikatoboka.

"Sasa sikiliza, maman," Bibiane alisema akifuta damu. "Mimi minamaliza kazi yangu, yako njo inaanza. Siku kumi. Maji hapana. Jua hapana. Jasho hapana. Moshi ya jikoni hapana. Ikikuwasha, usikune. Ikifanya magaga, usibandue, iache ianguke yenyewe. Vaseline kidogo, asubuhi na magaribi, kidogo sawa unapaka mutoto muchanga. Na kulia, ah, kulia njo mubaya kupita yote. Machozi iko na chumvi, na chumvi inakula wino."

"Nalia juu ya nini?" Euphrasie alicheka.

"Usicheke na wewe! Ngozi inajikunja."

Alipewa kioo. Nyusi zilikuwa nene, nyeusi tititi, zimevimba, tena zimekaa juu kidogo kuliko zile za zamani, hivi kwamba Euphrasie alionekana kama mtu ambaye ameambiwa habari sasa hivi. Bibiane alimtuliza kwamba zitashuka uvimbe ukiisha. Uvimbe uliisha. Zenyewe hazikushuka.

Kuna kosa moja dogo la hesabu ambalo Euphrasie alikuja kuligundua njiani akirudi nyumbani. Tarehe kumi na tano na siku kumi ni tarehe ishirini na tano. Mapokezi ni tarehe ishirini na nne. Alisimama katikati ya barabara akahesabu kwa vidole. Akaamua kwamba kama atafuata masharti vizuri kuliko mteja yeyote aliyewahi kufuata, siku ya kumi itakuwa ya heshima tu, na tarehe ishirini na nne atakalia kiti chake na sura iliyopangwa. Tangu dakika ile masharti ya Bibiane yaligeuka kuwa dini yake.

Nyumbani alivaa lunette, miwani nyeusi kubwa, akatangaza kwamba ameshikwa na Apollo, ule ugonjwa wa macho mekundu unaoruka kutoka mtu hadi mtu. Ilikuwa akili nzuri, maana Bukavu ukiugua watu hujaa sebuleni kukupa pole na kukuuliza maswali, lakini kwa Apollo hakuna anayetia mguu. Kwaya ilimtumia salamu kwa mdomo, kupitia dirishani. Chef wa quartier, mkuu wa mtaa, alimsamehe salongo, ile kazi ya lazima ya usafi kila Jumamosi. Na Marcellin, baba wa watu, hakuvuka hata mlango wa chumba.

"Apollo inaambukiza," alisema akiwa barandani, valizi mkononi. "Na serikali inahitaji macho yangu. Nitalala kwa mwenzangu mpaka upone."

Mwenzake! Euphrasie alimwona kupitia lunette akishuka ngazi kwa haraka ya kijana wa miaka ishirini. Alitaka kulia, akakumbuka chumvi, akaacha.

Ndani ya nyumba walibaki watoto, na Aloys, mpishi, mtu mzima mwenye mvi, aliyewapikia mapadri kabla ya kuwapikia wao. Aloys alikatazwa kukaanga kitunguu. Alikatazwa kufungua sufuria ya bugali mlango wa jikoni ukiwa wazi, kwa sababu mvuke ni maji. Siku ya tatu magaga yalianza na kuwasha kukaja, kuwasha kwa kweli, kwa kumfanya mtu azungumze peke yake. Euphrasie alikaa juu ya mikono yake miwili kwenye kiti cha sebuleni, akitikisa mguu, akiimba nyimbo za Kwaresima.

"Maman," Aloys alisema siku hiyo, sahani mkononi, "nilikuwa na mujomba mwenye Apollo. Eye alikuwa anapanguza macho. Wewe unapanguza juu ya macho."

"Apollo yangu iko ingine."

"Ndiyo, maman," Aloys akajibu, akarudi jikoni kukaanga samaki bila kitunguu.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, dereva wa ofisi alikuja na habari. M'Bahizi ameamka vizuri kule Walungu, amekunywa uji, amemkemea jirani kwa sababu ya mbuzi, amekaa kwenye kiti chake, basi. Amekwenda.

Euphrasie aliketi kwenye sofa. Alimpenda bibi kizee yule, na hapa tuseme ukweli, alimpenda kuliko alivyompenda mama yake mwenyewe, ambaye hakuwahi kumpigania kwa lolote. Kilio kilipanda kutoka tumboni. Na kilipofika kooni, ee Mungu, mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeshika leso, si kwa ajili ya pua. Alirudisha kichwa nyuma, uso ukatazama dari, ili machozi yakimbilie masikioni. Hivyo ndivyo alivyomlilia mama mkwe wake siku ya kwanza, akiwa amelala chali kwenye sofa, na leso mbili zimewekwa juu ya lunette.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Novemba haina huruma, mvua ilikuwa imetanda toka njiani, pale Nyantende. Euphrasie aliketi mbele ndani ya pick-up, kitambaa kimefungwa mpaka chini kwenye paji la uso, juu yake mfuko wa nailoni, juu ya nailoni mwavuli, ingawa ndani ya gari hakukuwa na mvua. Shemeji zake waliokuwa nyuma, kwenye hewa, walilowa. Alipoteremka pale uani, watu walimpisha, wakidhani ni heshima ya msiba ya mtindo mpya kutoka mjini.

Alilia. Oh, alilia sana, kwa sauti. Sauti yake ilipita zote, ikavuka migomba ikaenda mpaka barabarani. "Mama eeh! Umeniachia nani? Mama eeh!" Na maneno yalikuwa ya kweli, kila moja. Ila uso ulikuwa mkavu kama unga, kwa sababu kila tone likikaribia Euphrasie alilidaka kwa ncha ya leso kabla halijapata njia. Wanawake wa kijiji si watoto. Wanajua kilio chenye maji na kilio kisicho na maji. Waliangaliana.

Wafanyakazi wa ofisi walikuja na lori lao. Martine alikuwa kati yao, pagne nyeusi, kitambaa cheusi, nyusi zimechorwa kama kawaida. Euphrasie alimwona, na hasira ikampa joto, na joto likampa jasho, na jasho likamfanya amsahau Martine. Alienda kusimama kwenye upepo.

Mvua ikanyesha wakati wa kaburi, ikaacha. Wakarudi uani. Na hapo katikati, juu ya kigoda, Tante Adélaïde alikuwa ameshaweka beseni.

Tante Adélaïde alikuwa shangazi wa Marcellin, mwanamke mrefu asiyecheka, na wakati huu yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba. Aliikunja mikono ya blauzi.

"Bibi wa mutoto wa kwanza akuye."

Aliyeitwa alikuwa Euphrasie, na Euphrasie alikuwa amelisahau beseni. Katika hesabu zake zote za mvua, jua, jasho na vitunguu, hakuliweka. Alisogea hatua mbili, mwavuli mkononi.

"Tante, mimi niko na Apollo. Nitaambukiza batu yote."

Hilo lilikuwa jibu zuri na baadhi ya watu walirudi nyuma. Tante Adélaïde hakurudi.

"Toa lunette."

"Tante..."

"Toa lunette, mwana wangu, nione."

Akazitoa. Macho yalikuwa meupe, safi, ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha siku tano. Na juu ya macho, chini ya kitambaa kilichokuwa kimeteleza, zilikuwa zile nyusi, zimenona Vaseline, na magaga meusi yanang'aa, zimepanda juu kwa mshangao. Halafu mama mmoja kule nyuma akasema pole pole, "Yo! Nani alimupaka masizi?" na kicheko kikapita uani, kile kicheko cha msibani kinachotoka puani kwa sababu mdomo umekatazwa.

Marcellin alitazama viatu vyake.

"Ni tatouage," Euphrasie alisema. "Niliweka juu ya... juu ya sherehe."

Tante Adélaïde alizitazama nyusi. Hakuwa mtu mbaya. Alinyoosha mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Bon. Iko vile iko. Kuya unawe. Mama yako anakungoya."

Na hapa ndipo ilipokuwa njia. Kuinama tu! Mara tatu, chwa, chwa, chwa, na mambo yote yangeisha. Euphrasie aliyatazama maji. Yalikuwa na majani, yalikuwa na matope kidogo ya mvua. Alimkumbuka bibi kizee na ule mkono wa nguvu kwenye kisogo, na moyo wake wote ulitaka kuinama. Kisha akakiona kiti cha pili. Alikiona wazi, cha mbao, na mto mwekundu, na yeye amekikalia, wino umekimbilia kwenye mashavu, na wake za wakubwa wananong'onezana. Sura bila mpango. Ndege inapaa bila yeye.

"Tante," alisema, "imebakia siku ine."

"Siku ine za nini?"

"Za maji. Sipashwe kushika maji. Siku ine tu, Tante, nitarudia, nitanawa peke yangu, naapa."

"M'Bahizi arudie naye siku ya ine, azikwe tena?"

Hapo hata kicheko kiliisha. Euphrasie alichovya ncha za vidole viwili ndani ya maji, akajigusa kidevuni, kidogo, kama mtu anayejipaka marashi. Akarudi nyuma. Tante Adélaïde alibaki ameinama juu ya beseni, akiangalia ile sehemu ambapo uso wa mtu ulipaswa kuwa.

Wake wa wadogo zake Marcellin wakanawa mmoja mmoja, kwa kelele na kupiga maji kwa hasira. Walipomaliza, shangazi akauliza kama kuna mwingine. Ni swali la desturi, halina jibu. Lakini kutoka upande wa lori Martine akatembea. Alitembea taratibu, hakuangalia mtu, akapiga magoti kwenye matope na pagne yake nzuri, akatumbukiza uso mpaka kwenye masikio. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu alikaa ndani mpaka watu wakaanza kuogopa.

Alipoinuka hakuwa na nyusi. Hata moja! Mistari ile ya kalamu ilikuwa imeyeyuka, imekuwa mito miwili ya kahawia mpaka kidevuni, na paji lake la uso lilikuwa wazi na la kuhuzunisha, kama la mtu aliyetoka kuugua homa. Ulikuwa uso mbaya kweli. Na ua wote ulisema "Aaah." Mama aliyeuliza masizi alianza kulia upya. Tante Adélaïde alimshika Martine kidevu, akamfuta kwa pagne yake mwenyewe, akamuuliza, "Unaitwa nani, mwana?"

Alijua anachofanya? Wapo waliosema kwamba alijua vizuri, kwamba ndani ya mkoba alikuwa na kalamu tatu. Inawezekana. Euphrasie mwenyewe aliamini hivyo mpaka mwisho, na kuamini hakukumsaidia. Maji ya beseni yalikwenda kwenye shina la mgomba, machozi ya wanawake wa nyumba ile pamoja na nyusi za Martine, na yeye akatazama akiwa chini ya mwavuli.

Siku ya saba Marcellin alirudi nyumbani kuchukua abacost nne. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Ba-tante balikaa kikao," alisema. "Banasema mwenye kunawa njo wa nyumba. Mwenye kukataa maji ya mama, eye alijitoa mwenyewe. Mimi minafanya nini? Ni desturi."

Wee! Marcellin huyu huyu, ambaye alipotakiwa kupeleka pombe ya kasiksi kwa wazee alisema ni mambo ya kijijini. Marcellin aliyekosa kilio cha mjomba wake kwa sababu ya mpira. Leo desturi ilikuwa imemshika shati hata hawezi kupumua.

"Na kiti?" Euphrasie aliuliza.

"Kiti gani?"

"Ya tarehe makumi mbili na ine."

Marcellin alikunja abacost ya kijivu kwa uangalifu mkubwa. "Kazi ya serikali haijue matanga. Nitaenda na Martine. Usishangae."

Hakushangaa. Zilishangaa nyusi tu, na kwa hilo hakuwa na la kufanya. Alitamani kumtupia mumewe sahani, au kumpigia magoti, hakujua lipi. Lakini ilikuwa imebaki siku tatu, na mwili wake ulikwishazoea. Alirudisha kichwa nyuma, akatazama dari mpaka gari lilipoondoka. Alikuwa anazitunzia nani nyusi zile? Asubuhi alipaka Vaseline. Magharibi alipaka Vaseline, kidogo, kama anampaka mtoto mchanga.

Tarehe 24 maandamano yalipita asubuhi. Saa tisa muziki ulianza kule ukumbini, na upepo wa ziwa ukauleta wote mpaka barandani, ngoma, makofi, sauti ya mtu anayetaja majina kwenye kipaza sauti. Aloys alifunga madirisha bila kuambiwa. Alikuwa amekaanga kitunguu, cha kwanza tangu siku tisa.

Bibiane alifika wakati huo huo, amevaa pagne mpya ya sikukuu, kuja kukagua kazi yake. Alimwinua Euphrasie kidevu kuelekea kwenye mwanga. Gaga la mwisho lilikuwa limeanguka asubuhi, lenyewe, bila kubanduliwa. Bibiane alipiga kofi.

"Mama eh! Angalia! Angalia hii rangi! Batu bananiharibia kazi kila siku, maman. Mumoja anaenda kuoga ziwani. Mumoja anamulilia bwana yake. Mumoja anakuna. Wewe peke yako njo ulisikiliza. Siku moja imebakia, lakini kwako minakusamehe. Unaweza kunawa."

Aloys alileta beseni la maji safi ya bomba, na taulo, akaliweka juu ya meza ndogo. Kule chini kipaza sauti kilitaja jina la Marcellin, na makofi yakafuata, mengi.

Euphrasie aliinama. Hakuna aliyemshika kisogo. Alitumbukiza uso wote, na humo ndani, ambapo hakuna aliyemwona, M'Bahizi akamjia, na ile sauti yake ya kufukuza ng'ombe, na kilio cha siku tano kikatoka chote kwa mara moja. Alinawa mara tatu. Alinawa mara ya nne na ya tano, alisugua kwa viganja, alisugua kwa kucha, alisugua kama mtu anayetaka kutoa kitu. Maji yalimwagika mpaka kwenye pagne ya sikukuu ya Bibiane.

Alipoinua uso, ukidondoka maji, macho mekundu hatimaye kama ya Apollo ya kweli, Bibiane alimfuta, akamtazama kwa karibu, halafu akacheka kwa furaha ya fundi.

"Unaona? Hata nukta moja haijatoka. Sugua, lia, zeeka, kufa. Hizi, maman, hazikuachi."